UZI: Kuhamisha hati za Word kwenda hifadhi ya wingu mkaandika wengi bila kuvurugana

Mhariri wa Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Karibu kila anayeshughulika na maandishi ana faili yenye jina kama "RIPOTI mwisho KABISA mpya 2.docx". Jina hilo halitokani na uzembe wa mtu. Linatokana na kutumiana hati kama kiambatisho cha barua pepe. Ukiituma kwa watu watano, tayari kuna hati sita, kila mmoja anarekebisha ya kwake, na anayekusanya marekebisho ndiye anayekesha akilinganisha aya kwa aya.

Dawa yake inajulikana: hati ikae mahali pamoja mtandaoni, watu wapewe kiungo, wasipewe faili. Lakini majibu mengi ninayoyaona yanaishia "weka Google Drive" au "weka OneDrive", yaani hifadhi za mtandaoni za Google na Microsoft. Mtu anaburuta folda yake nzima, baadaye analalamika kwamba wingu limemchanganya. Wingu halina kosa. Amehamisha fujo ile ile kutoka diski moja kwenda nyingine, ila safari hii fujo ina watazamaji.

Kwangu mimi, huduma gani utumie ni swali la mwisho. La kwanza ni hati ipi bado inaandikwa, ipi imekwisha na sasa inasomwa tu, na ipi imelala. Zinazoandikwa ndizo za kuhamisha kwanza, maana ndizo zinazoleta ugomvi. Zilizokwisha zigeuze PDF, ushirikishe hiyo PDF, na ya Word ubaki nayo wewe. Zilizolala hazina haraka; siku ukipata nafasi zitupie kwenye folda moja ya kumbukumbu isiyoshirikishwa na mtu.

Swali la pili ni umbo la faili. Hadi toleo la 2003 Word ilikuwa ikihifadhi kwa .doc, kisha Office 2007 ikaleta .docx. Wengi bado wana rundo la .doc na hawajui kama kuna tofauti. Ipo: ili watu kadhaa waandike pamoja ndani ya Word, hati lazima iwe .docx. Word ya kwenye kivinjari itakuonyesha .doc yako vizuri tu, ila ukitaka kuihariri itataka igeuzwe kwanza. Igeuze mwenyewe kabla ya kupakia: fungua kwa Word ya kompyuta, ingia menyu ya Faili, kwenye sehemu ya taarifa za hati kuna kitufe cha kugeuza. Kama ni mamia, LibreOffice (programu ya bure ya kuandikia inayofanana na Word) inageuza folda nzima kwa amri moja. Ifunge programu yenyewe kwanza, ingia kwenye folda kwa dirisha la amri, andika (hii ni ya Linux, kwenye Windows utaweka njia kamili ya ilipo programu):

soffice --headless --convert-to docx *.doc

Za zamani hazifutwi. Mpya zinatokea pembeni yake. Fungua chache uzikague, hasa zenye majedwali.

Halafu kabla ya kupakia funga Word kabisa. Ukiona faili ndogo inayoanza na ~$ ujue ni alama ambayo Word huiweka hati ikiwa wazi, na wakati mwingine hubaki kompyuta ikizimika ghafla. Haina maandishi yako, usihangaike kuipakia.

Majina nayo yasafishe mapema. OneDrive haikubali alama hizi kwenye jina la faili: " * : < > ? / \ |. Tarehe ianze na mwaka, kama 2024-03-15, faili zitajipanga zenyewe.

Mengine nitayajibu yakiulizwa.

---

Tasnifu

Mkuu nimekaa siti ya mbele. Nina hati ndefu: tanbihi, orodha ya yaliyomo, marejeo ya ndani ya aina ya "tazama Jedwali la 4", na rejea zote nimeziweka kwa Zotero, ile programu ya kutunza rejea. Msimamizi wangu anataka aone kwenye Google Docs (programu ya Google ya kuandikia ndani ya kivinjari) ili atoe maoni. Nikipakia itavurugika?

---

Mhariri wa Usiku

@Tasnifu swali lako ndilo lenye nyama, ngoja nilijibu taratibu.

Ukipakia .docx kwenye Google Drive una njia mbili, na watu wengi hawajui wako kwenye ipi. Ya kwanza, faili inabaki .docx na unaihariri hivyo hivyo ndani ya kivinjari. Utaona kijialama cha .DOCX kando ya jina. Njia hii imekuwepo tangu 2019. Ya pili, unaigeuza kuwa hati ya Google kupitia menyu ya Faili. Hapo inazaliwa hati mpya, na ile .docx inabaki palepale pembeni. Sasa una mbili zenye jina moja. Wiki ijayo mwenzako atafungua isiyo sahihi aandike humo ukurasa mzima. Kwa hiyo dakika ile ile ya kugeuza, iondoe .docx uipeleke kwenye folda ya kumbukumbu. Kwenye mipangilio ya Google Drive pia kuna swichi ya kugeuza kila unachopakia. Mimi ninaiacha imezimwa, napenda kuchagua hati moja moja.

Sasa nini kinapona na nini hakiponi. Marekebisho yaliyofuatiliwa kwenye Word yanakuja kama mapendekezo, na maoni ya pembeni yanakuja. Tanbihi zinakuja. Orodha ya yaliyomo inakuja, na itaendelea kufanya kazi iwapo vichwa vyako viliwekwa kwa mitindo ya vichwa, si kwa kukoleza wino na kuongeza ukubwa wa herufi. Marejeo ya ndani yanageuka maandishi ya kawaida: ukiongeza jedwali katikati, "Jedwali la 4" halitajibadilisha kuwa la 5. Makro (amri za kujiendesha zilizowekwa ndani ya hati) hazifanyi kazi. Visanduku vya maandishi na michoro iliyopangwa juu ya maandishi huweza kuhama. Fonti isiyokuwepo inabadilishwa na nyingine, mistari inasogea, na kurasa zako zinaongezeka au kupungua.

Zotero ndiyo ya kuangalia sana. Rejea zake ndani ya Word ni sehemu hai zilizounganishwa na programu. Ukigeuza hati kiholela zinakufa, zinabaki maandishi tu. Fanya hivi, tena juu ya nakala: ndani ya Word fungua mapendeleo ya hati ya Zotero, kuna chaguo la kuhamia programu nyingine ya kuandikia. Litageuza rejea kuwa umbo la muda. Hifadhi, pakia, geuza kuwa hati ya Google (isibaki .docx), kisha kwenye menyu ya Zotero ndani ya kivinjari bonyeza kusasisha. Zinafufuka. Kurudi ni njia hiyo hiyo.

Lakini kwa kesi yako ningekushauri usigeuze. Msimamizi anatoa maoni tu, haandiki sura. Mpe .docx ikiwa .docx, kwa haki ya kutoa maoni, wewe uendelee na Word yako.

Mipaka pia uijue: hati ya Google haizidi herufi milioni 1.02, na faili ya kugeuzwa isizidi MB 50. Tasnifu ya kawaida haifiki kwenye herufi. Kwenye MB inafika haraka ikiwa umejaza picha.

---

Fundi Seva

Naongezea kwenye picha. Faili ya .docx kwa ndani ni zipu tu. Chukua nakala yake, badilisha kiambishi cha mwisho kiwe .zip, ifungue. Kuna folda inaitwa word, ndani yake media, na picha zako zote ziko humo. Utaona kwa macho ipi ina MB 12 kwa ajili ya kuonekana kubwa kama kidole gumba. Maandishi yenyewe yako kwenye document.xml, na mara nyingi ndiyo madogo kuliko picha moja. Punguza picha kwanza kwa zana ya Word ya kubana picha, ndipo upakie.

---

Mzee wa Flashi

Vijana mnapenda kujisumbua. Flashi yangu haihitaji mtandao, haihitaji nenosiri, haisomwi na kampuni yoyote. Hilo wingu ni kompyuta ya mtu mwingine tu. Mnaweka siri zenu kwa mtu msiyemjua halafu mnaita maendeleo.

---

Mhariri wa Usiku

Shikamoo mzee. Sehemu ya maneno yako ni kweli tupu na wala sitabishana nayo. Hati isiyohitaji mtu wa pili haina haja ya kwenda wingu kwa sababu ya kushirikiana. Labda kwa sababu ya kupata nakala ya akiba. Na hati za siri sana, mimi mwenyewe siziweki bila kufungwa.

Ila kufunga nako kuna gharama. Ukiweka nenosiri la kufungulia ndani ya Word, hati hiyo haitaingia kwenye uandishi wa pamoja wa mtandaoni. Umelinda siri, umepoteza kuandika pamoja. Lazima uchague kimoja. Flashi haina tatizo hilo, lakini watu watatu hawawezi kuandika kwenye flashi moja kwa wakati mmoja, na siku ikizama kwenye maji imekwenda na kila kitu.

---

Fundi Seva

Mzee ana njia ya tatu. Ukiwa na seva yako, weka Nextcloud (programu ya kuendesha wingu lako mwenyewe) pamoja na Collabora Online au OnlyOffice, ambazo ni programu za kuhariri hati humo. Mnaandika pamoja kwenye kivinjari na faili zinabaki kwenye mashine yenu. Onyo: kuanzia siku hiyo wewe ndiye mlinzi, fundi na mtunza nakala za akiba. Kama hakuna mtu wa kusasisha seva hiyo, bora hizo kampuni kubwa.

---

Mzee wa Flashi

Marahaba. Basi niulize. Mwanangu aliniwekea Google Drive kwenye kompyuta, naona folda kama folda nyingine. Nikinakili zile hati kutoka humo kwenda flashi si nitakuwa nimemaliza mchezo? Nina wingu na nina flashi.

---

Mhariri wa Usiku

Hapana mzee, na nashukuru umeuliza kabla ya kufanya.

Zilizobaki .docx zitanakiliwa vizuri. Lakini hati za Google kwenye kompyuta huonekana kama faili zenye kiambishi .gdoc, na hizo hazina maandishi ndani yake. Ni anwani tu inayoelekeza kwenye hati iliyoko kwenye seva. Unaweza kunakili mia moja kwenye flashi, zikachukua nafasi ndogo ajabu, ukaenda kuzifungua pasipo mtandao ukakuta hakuna kitu. Hati ikifutwa kule, .gdoc yako haikusaidii lolote.

Ukitaka nakala halisi, ifungue hati kwenye kivinjari uipakue kama .docx. Ukitaka zote kwa mkupuo tumia Google Takeout, itakuletea zote zikiwa .docx ndani ya zipu. Hizo sasa ziweke kwenye flashi yako, na hapo nakuunga mkono kabisa.

OneDrive ina mtego unaofanana na huo. Faili yenye alama ya wingu iko mtandaoni tu, haijashuka kwenye diski. Yenye tiki ya kijani imeshuka. Kabla ya safari ya mahali pasipo mtandao, bofya kulia uchague ibaki daima kwenye kifaa. Kwa hati za Google nako, matumizi bila mtandao huwashwa mapema ukiwa bado na mtandao.

---

Bi Karani

Mimi swali langu ni dogo ila linaninyima raha. Kazi yangu ni barua. Miaka yote nafungua barua ya zamani, nabadilisha jina na tarehe, nahifadhi kwa jina jipya. Tangu tuhamie OneDrive, nikifanya hivyo ile ya zamani nayo inakuwa imebadilika. Kuna namna?

---

Mhariri wa Usiku

Dada, swali hilo si dogo.

Hati ikiwa kwenye OneDrive, Word huwasha kujihifadhi kwenyewe. Kila herufi unayogusa inakwenda kwenye faili ile ile uliyofungua. Ukifika kwenye hatua ya kuhifadhi kwa jina jipya, umeshachelewa, ya zamani imeshabeba jina la mtu mwingine.

Badilisha mpangilio wa kazi: toa nakala kwanza, kisha ndipo uguse maandishi. Au bora zaidi, barua za mfano zihifadhi kama kiolezo, .dotx. Ukibofya kiolezo mara mbili Word inakufungulia hati mpya isiyo na jina na haigusi asili. Swichi ya kujihifadhi iko juu kushoto, unaweza kuizima kwa hati moja, lakini sipendi kuwashauri watu waizime, kwa sababu hiyo ndiyo inayowaokoa umeme ukikatika.

Zilizokwisha kuharibika, bofya jina la hati juu ya dirisha, ingia historia ya matoleo, chagua la kabla ya siku uliyoibadilisha, rejesha. Kwa akaunti binafsi ya Microsoft unapata matoleo 25 ya mwisho, kwa hiyo usikae sana.

Kwenye Google Docs kuna ujanja mzuri kwa jambo hilo hilo. Kiungo cha hati kinaishia na /edit. Futa neno hilo uweke /copy, umtumie mwenzako. Akibofya ataulizwa kama anataka kutengeneza nakala yake. Anahitaji tu haki ya kuona. Asili yako haiguswi.

---

Bi Karani

Kiolezo kimefanya kazi. Ubarikiwe kaka.

---

Kalamu Nyeusi

Naona mnapita mbali na jambo kubwa: haki. Watu wanabonyeza "yeyote mwenye kiungo anaweza kuhariri" ili wasisumbuliwe na maombi ya ruhusa, baadaye wanashangaa mtu asiyejulikana, mwenye picha ya mnyama, amefuta ukurasa.

---

Mhariri wa Usiku

Hao wanyama ni namna Google inavyoonyesha wageni waliofungua kwa kiungo bila kutambulika. Ukiona mnyama kwenye hati ya mishahara, mkuu, umeacha mlango wazi.

Nieleze ninavyofanya mimi. Wanaoandika nawaweka kwa anwani zao za barua pepe, kila mmoja kwa jina. Wanaopitia nawapa haki ya kutoa maoni. Haki ya kuhariri naitoa kwa wachache, na hata hao, kwenye dirisha la kushiriki kuna gia. Ukiigusa utakuta tiki inayowaruhusu wahariri kubadilisha ruhusa na kuwashirikisha wengine. Kwa kawaida imewashwa. Naiondoa. Bila hivyo mhariri wako anaweza kumwalika shangazi yake.

Kiungo cha wazi nakitumia kwa hati ambayo ningekuwa radhi ibandikwe ukutani. Kiungo ni kirefu na hakikisiki, ni kweli, lakini watu wanakibandika kwenye kurasa za wazi na mitambo ya kutafuta inakifuata. Mwaka 2018 hati za Google zilizoachwa wazi kwa namna hiyo zilianza kuonekana kwenye matokeo ya Yandex, mtambo wa kutafuta wa Urusi. Hakuna aliyevunja kitu. Wenyewe walikuwa wameziacha wazi.

Folda ni hatari kuliko hati. Ukishirikisha folda, kila kilichomo na kila utakachoweka kesho kinarithi ruhusa hiyo. Ndiyo maana nilisema folda ya kumbukumbu isishirikishwe na mtu.

Na jambo ambalo sioni likisemwa: mwenye haki ya kuhariri hati ya Google anaona pia historia yake ya matoleo. Ile sentensi kali uliyomwandikia mteja ukaifuta bado ipo, na mhariri anaweza kuisoma. Hati inayotoka nje ya kundi lenu, tengeneza nakala, ushirikishe nakala; historia haiendi nayo. Kwa .docx hakikisha umepitisha kikaguzi cha hati cha Word kabla ya kutuma, kitakuonyesha maoni, maandishi yaliyofichwa na jina la mwandishi.

---

Kalamu Nyeusi

Hapo kwenye historia sikuwa nalijua. Ila hujasema lolote kuhusu kuzuia watu kupakua na kuchapa. Umelisahau au umeliacha makusudi?

---

Mhariri wa Usiku

Makusudi. Ipo tiki ya kumzuia mtazamaji asipakue, asichape wala kunakili. Atapiga picha ya skrini. Iwashe ukipenda, ila usiihesabu kama ulinzi.

---

Kalamu Nyeusi

Inamzuia mvivu, na wavujishaji wengi ni wavivu. Mimi nitaendelea kuiwasha.

---

Mwanagenzi

Jamani, sisi tunatumia folda ya pamoja ya kusawazisha, kila mtu ana nakala kwenye kompyuta yake na anafungua kwa Word ya kawaida. Kila siku tunakuta faili ya pili yenye jina la kompyuta ya mtu au maneno ya mgongano. Tufute ipi?

---

Mhariri wa Usiku

Msifute yoyote kwanza. Hizo ni hati mbili zenye kazi halali za watu wawili. Zinatokea hivi: mmoja kafungua, mwingine kafungua, wote wamehifadhi, na huduma ya kusawazisha haijui kuunganisha aya za .docx. Kwa hiyo inabakiza zote mbili badala ya kumfutia mtu kazi.

Tumieni zana ya Word ya kulinganisha hati mbili, iko kwenye sehemu ya mapitio. Itatoa hati ya tatu yenye tofauti zote zimewekewa alama. Kubalini na kukataa, kisha zile mbili ziende kumbukumbu.

Ili isijirudie, elewa kwamba kusawazisha folda na kuandika pamoja ni vitu viwili. Folda iliyosawazishwa inasafirisha faili nzima kila ikihifadhiwa. Kuandika pamoja kunasafirisha mabadiliko madogo madogo wote mkiwa ndani ya hati moja. Kwa Word mnahitaji .docx iliyoko OneDrive au SharePoint (hifadhi ya Microsoft ya taasisi), kujihifadhi kumewashwa, na kila mtu ameingia kwa akaunti yake. Mkikaa hivyo mtaona vishale vya wenzenu vikitembea. Google Docs ni hivyo tangu mwanzo, na inaruhusu hadi watu 100 ndani ya hati kwa wakati mmoja, ingawa wakizidi sita ni kelele tu. Kwa rasimu ya kwanza yenye mikono mingi mimi nachagua Google Docs bila kusita, halafu mtu mmoja anaipeleka Word kwa ajili ya urembo wa mwisho.

---

Fundi Seva

Mimi kinyume. Hati itakayoishia Word ianze Word, ikae OneDrive, isigeuzwe hata mara moja. Kila kugeuza kunaacha kovu: mtindo wa aya hapa, nafasi ya mstari pale. Nimeshalipwa kusafisha makovu hayo, najua yanavyonuka.

---

Mhariri wa Usiku

Ukiwa na watu wote wenye Word nzuri, uko sahihi. Kundi likiwa na wenye simu tu na wenye LibreOffice, kwa njia yako rasimu haitaandikwa.

---

Tasnifu

Nimefuata ushauri, nimempa .docx kwa haki ya maoni, anaandika tu. Swali jingine. Sasa kwa kuwa iko wingu, nafuta ya kwenye kompyuta ili nipate nafasi, sawa?

---

Mhariri wa Usiku

Inategemea unaifutia wapi. Ukiwa kwenye folda inayosawazishwa, kuifuta kwenye kompyuta ni kuifuta kila mahali, simu, wingu, na kwa wenzako kama umewashirikisha. Kusawazisha si kuweka akiba. Virusi vikifunga faili zako kwa fumbo, folda itasawazisha hizo zilizofungwa kwa bidii ile ile.

Ukifuta kimakosa kuna muda wa kujirudi. Kwenye Google Drive vilivyoko tupio hufutwa kabisa baada ya siku 30. OneDrive ya akaunti binafsi ni siku 30 pia, ya kazini au shuleni kwa kawaida 93. Dropbox ya bure, huduma nyingine ya wingu, siku 30. Faili za .docx ndani ya Google Drive matoleo yake ya zamani hayakai milele: baada ya siku 30, au yakishapita 100, yanaweza kufutwa. Kuna tiki ya kulibakiza toleo moja moja milele. Itumie kwa lile ulilowasilisha.

Kama unataka kupata nafasi kwenye diski, tumia chaguo la kuachia nafasi, faili irudi kuwa ya mtandaoni tu. Nafasi ya bure huko juu ni GB 15 kwa Google, ikigawanywa na barua pepe na picha zako, GB 5 kwa OneDrive na GB 2 kwa Dropbox. Na tangu Juni 2021 hati mpya za Google zinahesabiwa humo, zamani hazikuhesabiwa.

Akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, na ufutaji huo ulianza Desemba 2023. Wale wenye akaunti ya pembeni waliyoifungua "kwa ajili ya kuweka hati tu", waingie humo mara moja moja. Na wawashe uthibitisho wa hatua mbili.

---

Bi Karani

Kaka, la mwisho. Hati zote za kikundi chetu alizitengeneza mwenzetu mmoja kwa akaunti yake binafsi ya Google, na anaondoka mwezi ujao. Tunaziona na kuzihariri sote. Tuna haja ya kufanya chochote?

---

Mhariri wa Usiku

Mnayo, tena wiki hii. Nyinyi ni wageni kwenye hati hizo, mwenye nazo ni yeye. Akifuta au akaunti yake ikifungwa, zinaondoka kwenu wote, hata kama mmezihariri kila siku.

Kwa akaunti binafsi, yeye afungue dirisha la kushiriki, achague jina lako, ateue kukuhamishia umiliki. Utapata ombi kwa barua pepe na lazima ulikubali. Folda ikihamishwa hati zilizomo hazihamii nayo, kila moja ina mmiliki wake, kwa hiyo aziteue hati zenyewe. Akaunti ya taasisi haiwezi kumhamishia umiliki mtu wa nje ya taasisi. Taasisi yenyewe huwa na hifadhi za pamoja ambamo hati ni za kundi, si za mtu. OneDrive binafsi haina uhamishaji wa umiliki, huko mnapakua na kupakia upya, na kwa kazi ya kundi ni afadhali maktaba ya SharePoint.

---

Bi Karani

Ametuma maombi leo. Nyingine nimezikubali, ila chache hazimo, nadhani amezisahau na sasa hapokei simu. Nifanyeje kwa hizo?

---

Mhariri wa Usiku

Kwa hizo tengeneza nakala zako sasa hivi, menyu ya Faili, tengeneza nakala. Kwenye kisanduku kitakachotokea weka tiki ya kunakili maoni na mapendekezo, vinginevyo hayaji. Historia ya matoleo haitakuja kwa vyovyote. Kama kuna toleo la zamani mnalolihitaji, lifungue kwenye historia ya asili na ulitolee nakala yake kabla hajaondoka. Kisha ondoa kiungo cha zamani kila mlipokiweka, uweke cha nakala, na juu kabisa ya hati ya zamani andika kwa herufi kubwa kwamba imehamia wapi.